Neno Sumbua na Jamaa Zake

Wasomaji wetu walio walimu wajua jinsi neno moja liwezavyo kutwikwa mzigo wa maneno sita. Katika shule za Kiwalani na za jirani zake, mtoto akipewa neno la Kiingereza "annoy" alifasiri, huandika "sumbua". Akipewa "tease", huandika "sumbua". Akipewa "harass", huandika "sumbua" tena, na mara nyingi sisi walimu humtilia alama ya sahihi mara tatu. Twapenda kuonyesha kuwa alama hiyo si ya haki, tena hasara yake yapita mipaka ya somo la lugha.

Kwanza tuwape haki yao waliotutangulia. Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870. A. C. Madan akatoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Juu ya msingi wa Madan, Frederick Johnson akajenga kamusi za mwaka 1939, ambazo zimepigwa chapa tena na tena. Kazi hiyo ni kubwa, nasi twaishukuru. Walakini kamusi ya lugha mbili hupanga maneno kwa safu, na mkato katikati, nao mkato hausemi lipi ni jepesi na lipi ni zito. Msomaji mvivu hulichukua la kwanza. Hata kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili huelekea kutuambia kuwa kuudhi ni kukera, na kukera ni kuudhi. Ni kama mtu aulizaye njia ya Yombo, akaambiwa ni ile iendayo Yombo.

Basi tuyapime maneno yenyewe. Kusumbua ni kumwondolea mtu utulivu au kumwongezea kazi, wala hakusemi neno juu ya nia. Ndege zishukazo katika uwanja wa Julius Nyerere hutusumbua hapa Kiwalani wakati wa kufundisha, lakini hakuna amlaumuye rubani. Mgeni mwenye adabu husema, "Samahani kwa kukusumbua," naye hajatenda kosa lo lote. Kuudhi ni jambo la moyo. Asili yake ni Kiarabu, ni jamaa ya neno adha. Aliyeudhiwa ameingiwa na uchungu, hata kama kazi yake haikukatizwa. Mtu aweza kukuudhi kwa kunyamaza tu, usipoitikiwa salamu. Kukera kwahitaji muda. Kwatukumbusha kukereketa kwa koo, nako hakuishi kwa kumeza mate mara moja. Muziki wa jirani ukipigwa usiku mmoja wasumbua. Ukipigwa kila usiku wakera.

Kuchokoza hutufikisha kwenye nia. Neno hili latukumbusha kuchokoa, yaani kuingiza kijiti tunduni ili kilichomo kitoke. Mchokozi ndiye aliyeanza, naye ataka ajibiwe. Ndiyo maana watoto wawili wakipigana, mwalimu huuliza, "Nani aliyemchokoza mwenzake?" wala haulizi nani aliyemsumbua. Karibu nalo lasimama kutania, lakini hilo lina mlango wake. Kiwalani imo katika nchi ya Wazaramo tangu zamani, nao wana utani na Wanyamwezi na Wasukuma. Mtani aweza kusema hata msibani maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angepigwa, na mwenye kutaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Kiingereza huyaweka mambo haya mawili katika neno moja, "tease". Kwa hiyo mtoto hawezi kulifasiri asipojua kwanza ni nani na nani, na kati yao kuna nini.

Mwisho yaja maneno mazito. Kubughudhi asili yake kwa Kiarabu ni chuki. Kunyanyasa ni kumtenda mtu kama asiye na thamani, kwa kuwa una nguvu juu yake. Hapo ndipo Kiingereza husema "harass". Tena twaonya juu ya "molest": zamani lilikuwa na maana ya kusumbua tu, lakini leo Mwingereza akilisikia hufikiri kwanza mtu aliyechezewa mwili wake, hasa mtoto. Mwanafunzi alichukuaye katika kamusi ya kale, akaandika hivyo juu ya kaka yake aliyemchokoza, amemshitaki kwa jambo kubwa bila kujua.

Sasa tutazame hasara tuliyoitaja. Tuseme msichana wa darasa la saba amwambia mwalimu wake, "Mwalimu, kuna mtu ananisumbua njiani." Huenda ni konda amkataliaye kwa nauli yake ya mwanafunzi. Huenda ni mwenzake amchokozaye. Huenda ni mtu mzima amvutaye mkono kila jioni na kumwahidi fedha. Mambo ni matatu, na neno ni moja. Mtoto amechagua lililo jepesi kwa sababu ya haya, maana lililo zito ni aibu kulitamka. Mwalimu aliyezoea kuona maneno haya yote kuwa sawa humjibu, "Usimjali, atachoka." Jibu hilo laweza kufaa kwa mchokozi, kwa yule mtu mzima ni kumwacha mtoto peke yake. Nayo sheria haiyaoni kuwa sawa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilitia katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, nacho hakingoji nguvu za mwili: hata maneno ya kumbughudhi mtu kijinsia ni kosa.

Wako watakaosema kuwa lugha ni ya watu, na watu wamekwisha kulipanua neno sumbua, basi tuliache. Ni kweli, wala hatutaki kulifunga. Upana wake humsaidia mwenye haya apate mahali pa kuanzia. Lakini anayesikiliza hana ruhusa ya kuishia hapo alipoanzia msemaji. Yampasa aulize: ni nani, ni mara ngapi, ana nia gani, tena ana nguvu gani juu yako? Maswali hayo manne ndiyo yanayotenga kusumbua na kukera, kuchokoza na kutania, na hayo yote na kunyanyasa.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wasimpe mtoto neno tupu alifasiri, bali wampe sentensi nzima, yenye mtenda na mtendwa. Atakayezoea kupima maneno katika daftari hatapata shida kuyapima yatokapo kinywani mwa mtu aliye mbele yake.