Vinywa vya Akina Mama wa Dar es Salaam

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii hupendwa na watu wa biashara, lakini yafaa pia kwa habari za wanadamu. Mji una madaftari mengi: la kodi, la mahakama, la mishahara ya makarani na wachukuzi wa bandarini. Walakini mwanamke aliyeamka alfajiri kupika vitumbua, akaviuza kando ya njia, na kwa faida ya senti chache akawalisha watoto na kulipia chumba, yeye aghalabu hakuandikwa katika daftari lolote. Akifa, habari za kazi yake zafa pamoja naye, isipokuwa amezisimulia, na mtu amekaa kumsikiliza.

Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji juu ya kitabu kimoja kilichojaribu kuziokoa habari za namna hii. Jina lake ni "TANU Women", nacho kilichapwa mwaka 1997. Mtungaji wake ni Susan Geiger, mwanahistoria wa Marekani. Mwaka 1984 alizungumza na akina mama wa Dar es Salaam ambao katika miaka ya 1950 walikuwa wameingia katika chama cha TANU. Kisha aliwatafuta wengine Moshi na Mwanza. Aliwaomba wasimulie maisha yao tangu utoto, akayaweka masimulizi yao pamoja. Aliye mashuhuri kuliko wote kati yao ni Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926.

Tuanze na faida ya kitabu. Zamani habari za uhuru wa Tanganyika zilisimuliwa hivi: vijana wachache waliosoma Tabora na Makerere waliipata fikra ya taifa shuleni, kisha wakaifikisha kwa watu wasiosoma. Geiger alipowasikiliza akina mama aliona kwamba mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1955 mgeni mmoja wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU, wanawake wenu wako wapi? Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na jibu halikuwa tayari. Ndipo akaitwa Bibi Titi. Hakuitwa kwa ajili ya elimu, maana shuleni alikaa miaka michache tu. Aliitwa kwa sababu alikuwa mwimbaji mkuu wa ngoma iliyoitwa Bomba, na mji mzima ulimjua.

Msomaji atauliza, ngoma na siasa zakutana wapi? Hapo ndipo penye kiini cha kitabu. Kikundi cha ngoma mjini hakikuwa mchezo mtupu. Kilikuwa na wakubwa wake, mchango wake na sare zake. Mwenzao akifiwa walimwendea, akioza binti walimsaidia. Tena ndani yake walikaa pamoja wanawake wa makabila mbalimbali, na lugha yao ilikuwa moja, Kiswahili. Basi umoja ambao viongozi walitaka kuujenga kwa hotuba, akina mama walikuwa wakiishi nao tayari. Bibi Titi alipowaendea wakubwa wa vikundi, kila mmoja alikuja na watu wake.

Kazi nayo ina sehemu yake. Wengi wa akina mama hawa walikuwa Waislamu wenye umri wa makamo, na baadhi yao walikuwa wameachwa na waume. Waliuza vitumbua na maandazi, walipika pombe, walipangisha vyumba. Mwenye senti zake mwenyewe aweza kutoa mchango bila kumwomba mtu, na aweza kwenda mkutanoni jioni. Wake wa makarani na walimu hawakuwa na nafasi hiyo, kwa maana watumishi wa serikali walikatazwa kuingia katika vyama vya siasa. Hivyo wale waliodharauliwa kwa kukosa elimu ndio waliokuwa na uhuru wa kutenda.

Najua ya kwamba baadhi yetu, tuliolelewa kanisani na shuleni, tukisikia habari za pombe na ngoma twakunja uso. Sisemi kwamba pombe ni njema. Nasema kwamba mwenye kukunja uso kabla ya kusikia hataambiwa kitu. Mama mzee akiona anahukumiwa atasimulia mambo ya heshima tu, na yaliyomlisha atayaficha. Kitabu hiki kina uzito kwa kuwa mwulizaji alisikiliza kwanza.

Sasa tukipime, maana kusifu peke yake si uhakiki.

La kwanza ni kumbukumbu. Kutoka mwaka 1955 hata 1984 ni karibu miaka 30, na katikati umepita uhuru wa mwaka 1961. Mtu akumbukapo safari iliyofika salama husahau mara ngapi alitaka kurudi. Twapaswa kusoma kwa uangalifu. Hata hivyo dawa imo katika kitabu chenyewe, kwani hakikutegemea kinywa kimoja. Penye wengi hapaharibiki neno: mmoja akikosa mwaka, mwingine husahihisha, wote wakikubaliana juu ya jambo, lina nguvu zaidi.

La pili ni swali lenyewe. Akina mama waliulizwa kama watu wa TANU, nao wakajibu kama watu wa TANU. Kwa sababu hiyo kazi yao ya kila siku yaonekana zaidi kama ngazi ya kupandia siasa. Ningependa kusoma zaidi juu ya bei ya unga, juu ya kuni, juu ya aliyebaki na mtoto mama alipokwenda sokoni. Na yule muuza vitumbua ambaye hakujiunga na chama chochote, habari zake hazimo. Mji ulikuwa na wengi kama yeye.

La tatu ni lugha. Maneno haya yalitoka vinywani kwa Kiswahili, lakini yalichapwa kwanza kwa Kiingereza. Yafaa tulinganishe na kazi ya Sarah Mirza na Margaret Strobel juu ya wanawake watatu wa Mombasa. Kitabu chao kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 wakatoa kingine chenye masimulizi kwa Kiswahili. Humo Bi Kaje, wa ukoo uliokuwa na watumwa, asimulia upande mmoja. Na Mishi wa Abdala, ambaye wazee wake walikuwa watumwa, asimulia upande wa pili. Msomaji wa pwani aweza kusikia sauti zao na kuamua mwenyewe. Hiyo ndiyo haki ya msimulizi, maneno yake yawarudie watu wake katika lugha aliyoyasema.

Pamoja na kasoro hizo, masimulizi ya namna hii yatufundisha jambo ambalo daftari la serikali lisingetuonyesha. Mwanamke wa Dar es Salaam alipoweka akiba, alipenda kujenga nyumba ya kupangisha, kwani nyumba haimwachi mtu uzeeni kama mume awezavyo kumwacha. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupangisha nyumba, na Bibi Titi, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu. Katika maandishi ya chama jambo hilo laweza kuonekana kuwa tamaa ya mali tu. Lakini aliyesikia habari za akina mama wa mji ajua nyumba ilikuwa na maana gani kwao. Baadaye Bibi Titi alishtakiwa kwa uhaini. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiliwa. Geiger alipomkuta mwaka 1984, jina lake lilikuwa halitajwi sana. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake. Kama asingeulizwa angali hai, tungebaki na jina la barabara tu.

Ndugu wasomaji, kazi hii haihitaji chuo kikuu. Karibu kila kijiji kina mama mzee aliyewahi kukaa mjini. Mwendee na daftari na kalamu, umwamkie kwa adabu, umwombe ruhusa. Mwulize kwanza alifanya kazi gani, nani alimfundisha, aliuza kwa bei gani, fedha zake alizificha wapi. Andika kama asemavyo, usimsahihishe. Kisha msomee uliyoandika, aseme mwenyewe yapi yabaki na yapi yafutwe. Ufanye hivyo mwezi huu, kwa maana wazee hawangoji.