Tuzisome upya 'Kusadikika' na 'Walenisi': Kiswahili kina safari zake za angani

JUMAMOSI iliyopita nilikuwa katika maktaba ya mtaa wa Kaloleni, hapa Eastlands. Kijana wa kidato cha nne aliyeketi mkabala nami alikuwa amezama katika riwaya nene ya Kiingereza kuhusu vita vya sayari. Nikamuuliza iwapo amewahi kusoma ya Kiswahili ya aina hiyo. Akacheka.

"Zii, mwalimu. Za Kiswahili ni za mtihani tu. Ziko na maudhui, haziko na roketi."

Jibu hilo limenikaa moyoni wiki nzima, maana lawama ni yetu walimu na wahakiki. Tumezoea kuipokonya fantasia utamu wake kabla mwanafunzi hajauonja. Jioni hiyo nilipofika nyumbani Umoja, nilitoa kabatini riwaya mbili nilizozisoma ujanani, nikazisoma tena bila kalamu mkononi.

Ya kwanza ni 'Kusadikika' ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Darasani huwa tunakimbilia kusema kuwa nchi hiyo inayoelea hewani ni istiari ya utawala wa kikoloni, basi, mjadala umeisha. Istiari imo, sikatai. Lakini hebu tuitazame safari yenyewe. Wajumbe sita wanatumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kwa Wasadikika, ardhi hii tunayoikanyaga ndiyo ulimwengu wa ajabu! Ujanani jambo hilo lilinipita kabisa. Nilikuwa nahesabu sifa za Karama ili nipate alama.

Ya pili ni 'Walenisi' ya Katama Mkangi (1995). Dzombo amehukumiwa kifo, na kitanzi chake ni chombo kinachorushwa angani. Anafaulu kukiongoza chombo hicho na kutua Walenisi, nchi ya usawa ambayo jina lake, ukilikata vizuri, ni "wale ni sisi". Tukumbuke kwamba Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986. Ukilijua hilo, mfungwa anayeushika usukani wa mtambo uliokusudiwa kumuua hawezi kukuacha kama alivyokukuta.

Zikisomwa pamoja, riwaya hizi zinajibizana. Katika 'Kusadikika', safari huzaa adhabu: kila mjumbe anayerudi na habari za mageuzi hutiwa gerezani. Katika 'Walenisi', adhabu huzaa safari. Miaka 44 imepita kati yake, na swali ni lile lile: mtawala anaogopa nini raia akiona kwingine? Nadhani anaogopa ulinganisho.

Je, zina dosari? Naam. Wahusika wa Shaaban Robert ni majina ya maadili yanayotembea. Naye Mkangi, akishamtua Dzombo, hugeuka mhadhiri. Nchi isiyo na kasoro haina mvutano mkubwa, na baadhi ya kurasa nilizipitia nikipiga miayo. Lakini msomaji huyasamehe hayo iwapo ameruhusiwa kwanza kusafiri.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa bunilizi za kisayansi. Mbona mabaharia wa pwani waliliita jahazi chombo, na leo twasema chombo cha angani bila kutetereka? Nahodha naye yupo tayari. Kinachokosekana ni wasomaji walioambiwa kuwa safari hizi ni zao pia. Kijana akishaamini kwamba ndoto za kesho huotwa kwa Kiingereza pekee, Kiswahili kitamfaa kwa mtihani na kununulia sukumawiki tu.

Jumamosi nitarudi Kaloleni, 'Walenisi' ikiwa mkobani. Nikimpata, sitamuuliza maudhui. Nitamwomba asome mpaka Dzombo atue, kisha aniambie kama hakuna roketi.