Juu ya Neno "Mshtuko wa Moyo"

Mtu wa Temeke au Kinondoni akishikwa ghafula na kifua akaanguka, jamaa zake husema, "Amepata mshtuko wa moyo." Nao hukusudia ugonjwa wa kuziba kwa mshipa uulishao moyo damu. Lakini mfasiri afuataye Kiingereza neno kwa neno atalipa jina hilohilo jambo jingine: moyo kushindwa kusukuma damu, hata viungo vikaikosa.

Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, la kwanza huandikwa I21, la pili R57.0. La kwanza laweza kulizaa la pili, wala si kitu kimoja. Na cheti cha kifo hutaka chanzo, si tokeo lake.

Kosa hili si dogo. Uchunguzi wa vifo ulioanzishwa mwaka 1992 katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro ulitegemea mahojiano na jamaa za marehemu. Ikiwa neno moja labeba maana mbili, na tena lakumbusha hofu ya mtu aliyeshtuliwa na habari mbaya, karani ataandika nini?

Rai yangu ni kwamba "mshtuko wa moyo" tuwaachie wenyewe waliokwisha kulizoea. Hilo la pili tusiliite "upungufu wa damu", maana huo ni ugonjwa mwingine. Tuseme "kuzorota kwa mzunguko wa damu kutokana na moyo". Ni jina refu, lakini halimpotezi mtu.