The Thing: waya wa moto na foleni

Pale kibanda umiza tuligombana juu ya The Thing ya John Carpenter (1982). Wengine eti ni kinyaa tu, matumbo na makamasi. Hata wahakiki wa Marekani waliiponda ilipotoka. Mashabiki wanataka irudiwe. Mimi niko nao, ila si kwa sababu ya lile dude, mara mbwa, mara mtu. Ni ile ya damu: MacReady anawafunga wenzake kamba, anapima damu ya kila mmoja kwa waya wa moto. Clark, aliyempiga risasi muda si mrefu, kumbe alikuwa mtu kabisa! Sisi tuliopanga foleni kuthibitisha sisi ni nani, ile sura ya anayesubiri waya tunaijua. Hapo wote tulinyamaza, hata wale wa kinyaa.