Kitabu cha Maelekezo na Deki Iliyonyamaza

Kwa miaka mingi nilikaa nyuma ya madarasa ya walimu wanafunzi, daftari mkononi, nikihakiki ufundishaji wao. Mazoea hayo sikuyaacha ofisini nilipostaafu. Kwa hiyo msomaji asishangae nikihakiki kitabu ambacho si riwaya wala diwani, bali kile cha maelekezo kilichokuja na deki ya kurekodi diski za DVD. Nimekisoma mara nne. Riwaya nyingi sikuzipa heshima hiyo.

Nilikuwa na kanda ya video ya mwaka 1994, ya siku tulipomuaga mwalimu mwenzangu aliyenitangulia kustaafu, ambaye sasa ni marehemu. Ilikwisha kuota ukungu. Mjukuu wangu akaihamishia kwenye diski, na kanda ikakatika mara tu baada ya kazi hiyo. Kwa kuwa spika za televisheni yangu zilikufa zamani, akaiunganisha deki na amplifaya yangu kuukuu kwa waya wa nuru, ule ambao ukiuchomoa unaiona ncha yake ikiwaka nyekundu. Kisha akarudi masomoni.

Jioni nikaweka diski. Picha safi, mwenzangu amesimama, mdomo unacheza, sauti hakuna. Nikaweka diski ya muziki, ikaimba barabara. Basi nikatoa hukumu: waya mzima, amplifaya nzima, kijana ameiharibu sauti ya marehemu. Nikampigia simu nikamwambia hivyo, kwa maneno nisiyopenda kuyaandika hapa.

Tuje kwenye kitabu. Michoro yake ni mizuri, na kinaonya vyema kwamba waya wa nuru usikunjwe. Lakini kikifika kwenye mpangilio wa sauti ya dijitali, kinamtaka msomaji achague PCM au Dolby Digital kulingana na kifaa alichounganisha, kisha kinageuza ukurasa. Ajuaje kifaa chake ni cha namna gani? Na akikosea, atasikia nini? Hakuna neno. Jedwali la matatizo, huko mwisho, linamshauri akague waya na aongeze sauti. Mwanachuo wangu angeniletea andalio la somo la namna hiyo, ningemrudishia.

Jambo lenyewe linaelezeka. Diski ya muziki huhifadhi sauti kwa tarakimu zilizo wazi, yaani PCM: sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, na amplifaya yenye tundu la dijitali huzisoma bila taabu. Diski iliyorekodiwa nyumbani aghalabu hubeba sauti iliyofumbatwa kwa mtindo wa Dolby Digital. Sababu ni nafasi. PCM ya spika mbili kwenye video hula biti 1,536,000 kila sekunde, ilhali Dolby Digital kwenye DVD haizidi theluthi ya hizo. Sasa, deki ikiachwa kwenye Dolby Digital, huusukuma mzigo ule ukiwa bado umefungwa, ikitumaini kwamba amplifaya inajua kuufungua. Yangu ilitengenezwa bila ujuzi huo, ikanyamaza. Ukichagua PCM, deki huufungua yenyewe kwanza. Sentensi nne au tano tu, na mtu angeelewa kwa nini diski moja inaimba na nyingine ni bubu.

Marehemu mwenzangu alikuwa akiwaambia wanachuo waanze na kile mwanafunzi alicho nacho mkononi. Waandishi wa kitabu hiki walianza na walicho nacho wao, yaani orodha ya uwezo wa mashine.

Katika usomaji wa nne nilijaribu PCM, kwa kubahatisha, nikiri. Mwenzangu akasema. Kabla ya yote aliwauliza walioketi nyuma kama wanamsikia.

Kitabu kina makosa yake, ila simu ile sikuipigiwa na kitabu. Nilimtafuta mjukuu usiku uleule. Alipokea siku ya tatu.