Kanisa la Mbereshi: Sanaa Iko Wapi?
Ukilitazama kanisa la matofali la Mbereshi, kusini mwa Nchelenge na Ziwa Mweru, ni rahisi kusema ni Uingereza tupu. Hukumu hiyo ni nusu tu. Umbo la jengo lilitoka kweli kwa wamisionari wa London Missionary Society, waliofika mwaka 1900. Lakini Mabel Shaw, aliyeanzisha shule ya wasichana hapo mwaka 1915, alimfundisha Kristo kama Chifu, katika nchi ya Mwata Kazembe. Kwa maoni yangu, sanaa ya Mbereshi imo zaidi katika neno hilo kuliko ukutani. Chifu huheshimiwa, naye hudaiwa ulinzi. Je, 'Bwana' wetu, ambaye pia ni mume na mwajiri, tumemchambua darasani?