Uhamaji Usiohesabiwa: Kuisoma Upya Gamba la Nyoka

Uhakiki wa Gamba la Nyoka (1979), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, umezoea kuuliza iwapo mwandishi anaikejeli siasa ya Ujamaa au anaitetea. Mjadala huo umetunyima swali jingine: mtu anapohamishwa kilomita chache tu, ndani ya wilaya yake, je, amehama?

Kipimo kinachotegemewa zaidi katika sensa zetu hulinganisha mkoa aliozaliwa mtu na mkoa anamoishi. Kwa kipimo hicho, Rosa wa Rosa Mistika (1971), aliyetoka Ukerewe akaenda kusomea ualimu Morogoro, ni mhamaji kamili. Wanakijiji wa Gamba la Nyoka, wanaokataa kuhama na kulazimishwa kwa nguvu za dola, hawamo. Ilhali baada ya Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 5 au zaidi walihamishwa kwa muda wa miaka mitatu hivi, wengi wao kwa masafa mafupi. Jedwali la mikoa haliwezi kuwaona.

Riwaya inawaona, kwa kuwa inaanzia kwenye kile wanachokataa kukiacha. Nyumba yaweza kubomolewa na kujengwa upya kwingine. Shamba, migomba na makaburi ya wazee havihamishiki. Tangu hapo mkulima analala mahali pamoja na kulima pengine, na tofauti hiyo huonekana kwenye mavuno.

Hata hivyo, tusimpambe Kezilahabi kupita kiasi. Jicho la riwaya hukaa mno kwa Mamboleo na Mambosasa, vijana wasomi, na mabishano yao ya kifikra. Mwanamke ambaye baada ya kuhama ataongezewa mwendo wa kwenda shambani kila alfajiri hapati nafasi inayomstahili. Kejeli, ambayo mwandishi huyu aliimudu kuliko wengi wa rika lake, humwona upesi mtoa amri na kuchelewa kumwona mbeba mzigo.

Suala hili si la Tanzania pekee. Rwanda ilianza sera ya imidugudu mwishoni mwa 1996, baada ya mauaji ya kimbari na kurejea kwa wakimbizi. Mwaka huo huo Burundi, ikiwa vitani, iliwakusanya wakulima wengi kambini. Mazingira hayo yanatofautiana sana, wala si haki kuyatia katika kapu moja. Lakini kotekote umbali kati ya kitanda na jembe ulibadilishwa na mtu asiyelima shamba hilo.

Mshauri wa sera anayependekeza kuwasogeza watu karibu na shule, maji na zahanati, sababu zile zile zilizotolewa wakati wa Ujamaa, apime pia umbali mpya wa shamba, na aseme ni nani atakayeutembea. Nayo madodoso ya sensa yaulize kijiji alichotoka mtu, na nani aliamua ahame.